Charles Todd, Postamasta Aliyevusha Waya Jangwani

Neno simu asili yake ni Kiajemi, ambako huweza kumaanisha waya. Charles Todd maisha yake yalikuwa waya. Alizaliwa London mwaka 1826, mtoto wa mwenye duka la vyakula, akaanza kazi akiwa kijana katika kituo cha falaki cha Greenwich. Mwaka 1855 alihamia Adelaide na mkewe Alice kusimamia simu za maandishi (telegrafu, zilizotuma ujumbe kwa mapigo ya umeme) za koloni la Australia Kusini na kuwa mwanafalaki wa serikali. Simu na posta zilipounganishwa mwaka 1870, akawa Postamasta Mkuu.

Mwaka huohuo ujenzi wa njia ya simu ulianza: kilomita 3,200 hivi, kutoka Port Augusta kusini hadi Darwin kaskazini, ambako kebo ya baharini kutoka kisiwa cha Java, katika Indonesia ya leo, ingefika nchi kavu. Nguzo zilikuwa takriban 36,000, waya mmoja tu juu yake; umeme ulirudi kwa kupitia ardhini. Ugumu wa njia ndefu namna hii ni kwamba umeme hupungua nguvu kila unapokwenda, na huvuja pale vikombe vya kaure vinavyoshika waya vikilowa au kupasuka. Ndiyo maana vilijengwa vituo kila kilomita 250 hadi 300. Mpiga simu alisikiliza mlio wa Morse, yaani alama fupi na ndefu zinazosimama badala ya herufi, akauandika, kisha akaupiga upya kwa mkono kwa betri za kituo chake. Ujumbe mmoja ulipita hivyo mikononi mwa watu wengi, na herufi moja iliyosikika vibaya ilisafiri na kosa lake hadi mwisho.

Kaskazini ndiko kulikotesa. Mvua zilizamisha mikokoteni matopeni, na mkandarasi akavunjiwa mkataba mwaka 1871. Mchwa nao walikula nguzo za mbao, hata ikabidi zibadilishwe kwa za chuma. Jambo lisilopasa kufichwa: njia ilifuata visima na chemchemi za wenyeji, wakiwemo Waarrernte, bila ridhaa yao. Mji wa Alice Springs, uliopewa jina la mke wa Todd, ulianzia kwenye kituo kimojawapo.

Waya uliungana tarehe 22 Agosti 1872. Kebo ya baharini ilikuwa imekatika tangu Juni, ikatengenezwa Oktoba. Habari za London, zilizokuwa zikichukua miezi kwa meli, zikaanza kufika kwa saa chache.

Todd hakuishia hapo. Wapiga simu wa vituoni walimletea vipimo vya mvua na hewa, akachora ramani za hali ya hewa. Alikaa pia kwenye baraza la Chuo Kikuu cha Adelaide. Alifariki Januari 1910. Huko Semaphore, karibu na bandari, mnara uliosimamishwa wakati wake mwaka 1875 ulikuwa na tufe jeusi lililoporomoka kila siku saa saba mchana, nao manahodha wakarekebisha saa zao.