Je, wajua kwa nini wenye magari ya mbio huachiana usukani?

Zamani ningekujibu kwa neno moja: majivuno. Mtu ana Ferrari, hataki ikae gizani, anawaita wenzake wenye Porsche na Lamborghini, wanapanga msafara wa alfajiri, na wakifika wanapobarizi hubadilishana funguo kama watu wanaoonjeshana mchuzi. Mwenye akili, nilidhani, angefanya kinyume: gari alifunike, alifungie, na kila Jumapili aliwashe dakika tano "injini isilale", azime, arudi kwenye kahawa yake.

Majivuno yapo, sikatai. Lakini hizo dakika tano ndizo nilizokosea, tena vibaya, na nilisahihishwa Malindi nikiwa nimekodolea macho kifuniko cha oili.

Ilikuwa upande wa Casuarina, nyumba ya mtu anayekuja Desemba na kuondoka masika ikinukia. Gari lake jekundu la Kiitaliano hubaki bandani, chini ya turubai. Askari ameachiwa ufunguo na amri: Jumapili, dakika tano, lisitoke getini. Aliitii msimu mzima wa kusi. Fundi kutoka Maweni alipozungusha kifuniko cha oili na kukigeuza, ndani yake palikuwa na utando mzito, rangi ya chai ya maziwa. Mimi, mjuzi wa kila kitu, nikatangaza kwamba gasketi ya silinda hedi, ile karatasi ngumu inayotenga njia za maji na oili juu ya injini, imekwisha na maji ya rejeta yameingia kwenye oili.

Fundi akapitisha kidole, akakinusa, akacheka kidogo. "Siyo, kaka. Hili limetoka jasho, halikupewa nafasi ya kukauka."

Jasho la nani? La petroli. Na hapa pana jambo ambalo halijaacha kunifurahisha: ukichoma lita moja ya petroli unapata takriban lita moja ya maji. Petroli ni kaboni na hidrojeni. Ikiungua, hidrojeni hushikana na oksijeni ya hewani, na huko kushikana ndiko kunakozaa maji. Lita ya petroli ina uzito wa robo tatu za kilo hivi. Maji yanayotoka hupita kilo moja kidogo, na uzito wa ziada umechangiwa na hewa. Hatuyaoni kwa kuwa hutoka yakiwa mvuke. Ila asubuhi, gari la jirani likiwa ndiyo kwanza limewashwa, itazame ekzosi: inadondosha. Wapita njia humhurumia mwenye gari bure.

Sehemu kubwa ya mvuke huo hutokea ekzosi. Sehemu ndogo hupenya kandokando ya ringi za pistoni, pete zinazoziba pembeni mwa pistoni, na kuteremkia kwenye oili, na kuanzia hapo kila kitu ni suala la joto. Injika sufuria ya maji, ifunike kwa kifuniko cha baridi. Mvuke wa kwanza ukikigusa hugeuka matone. Epua papo hapo, subiri ipoe, funua: kifuniko kinatiririka. Fanya hivyo kila Jumapili kwa miezi mitano, bila hata mara moja kuyaacha maji yachemke sawasawa, na kifuniko chako hakitaujua ukavu. Sasa iache sufuria motoni. Kifuniko chenyewe kikishika moto, mvuke haupati pa kutulia. Unapita pembeni na kwenda zake. Injini nayo ni hivyo. Dakika tano zinatosha kutengeneza maji, hazitoshi kuyafukuza. Tena injini ya baridi hulishwa petroli nyingi kuliko ile iliyokwisha kupata moto, na nyingine huteremka na kuizimua oili. Kwa hiyo yule askari, kwa uaminifu wake wote, alikuwa akilinywesha gari maji kwa kijiko.

Lililobaki chini ya turubai bila kuguswa lingekuwa na nafuu kuliko hilo. Na mimi, kwa ujuzi wangu wa zamani, ningemlipa yule askari posho.

Ungedhani basi geji ya maji ikipanda mambo yamekwisha. Geji ya maji huwahi. Oili huja nyuma. Na magari ya mbio yana ukaidi wao. Mengi, kama Ferrari 458 au Lamborghini Aventador, hayaweki oili kwenye bakuli la chini ya injini kama gari la kawaida. Huiweka kwenye tangi la pembeni na kuizungusha kwa pampu, ili gari likikata kona kwa kasi oili isikimbilie upande mmoja pampu ikabaki inanyonya hewa. Oili inakuwa nyingi zaidi na njia yake ndefu zaidi, kwa hiyo huchelewa kupata moto. Gari linataka nusu saa ya barabara, si ya kusimama linanguruma. Malindi hadi Kilifi na kurudi inatosha na kusaza, ukiweza kuyavuka matuta bila kukwaruza tumbo.

Nisije nikakupeleka upande wa pili wa kosa langu. Utando wa chai ya maziwa si lazima uwe jasho tu: kama maji ya rejeta yanapungua, basi utambuzi wangu wa siku ile ndio sahihi, lipeleke kwa fundi. Na maonyo mengi ya zamani kuhusu asidi inayokula injini, inayotokana na salfa ikikutana na maji, yaliandikwa wakati mafuta yalikuwa na salfa nyingi kuliko sasa. Kenya na majirani zake waliipunguza mwaka 2015. Hasara ipo, lakini huja kidogo kidogo.

Mengine nayapitia mbiombio. Betri: king'ora na kompyuta hunyonya hata gari likiwa limezimwa, na mnyonyo wa miliampia 50 tu humaliza betri ya ampia-saa 60 kwa siku 50. Dakika tano za Jumapili hazirudishi kilicholiwa wiki nzima. Tairi: ubavuni pana tarakimu nne, mfano 2319, maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019, kwa sababu mpira huzeeka kwa kalenda hata usipogusa lami. Mkanda wa taimingi, unaozifungua na kuzifunga valvu za injini kwa wakati wake, nao una kalenda yake, na kwenye Ferrari Testarossa kuubadilisha ni mpaka injini nzima ishushwe.

Mwambao wetu haukuhitaji Ferrari ili kulijua hili. Jahazi likipandishwa pwani likaachwa juani, mbao hunyauka, kalafati inayoziba mianya ya mbao huachia, na siku ya kurudi majini huvuja kama kikapu. Tofauti ni kwamba ubao hunywa maji ukavimba ukajiziba. Sili ya mpira, inayozuia oili ya injini isivuje, ikishakakamaa hairudi, ingawa mpira wa injini za kisasa unavumilia zaidi kuliko wa magari ya kale.

Sasa turudi kwenye funguo. Mtu mwenye magari sita, kila moja likidai nusu saa ya barabara kila baada ya wiki mbili tatu, bado ana miguu miwili tu. Wenzake wanaojua kuendesha wanakuwa msaada, na msaada wenyewe ni wa raha. Sisemi kila anayemwachia rafiki usukani amepiga hesabu ya mvuke. Wengi hufanya kwa furaha tu, na injini inafaidi bila wao kujua. Nick Mason, mpiga ngoma wa bendi ya Pink Floyd, ana Ferrari 250 GTO tangu miaka ya 1970, gari ambalo yalitengenezwa 36 tu kati ya 1962 na 1964. Badala ya kuligeuza sanamu amelikimbiza mashindanoni na kuwaruhusu wengine waliendeshe.

Kuazimana kuna upande wake mchungu. Mwaka 2013 mahakama ya Uingereza ilimwamuru mwandishi wa magari aliyeazimwa Porsche 917 kumlipa mwenyewe pauni 48,000 hivi, mbali na gharama za kesi, kwa sababu injini ilizungushwa kupita kiasi ikaharibika. Tangu nilipoisoma kesi hiyo, kila nikipewa ufunguo wa mtu huuliza kwanza mshale wa mizunguko ya injini mwisho wake ni wapi.

La Casuarina liliishia hivi. Fundi alimwaga oili yote, akaweka mpya, akapangusa kifuniko kwa kitambaa. Mwenyewe alipigiwa simu, akanung'unika, akakubali rafiki yake wa Watamu awe analitoa mara mbili kwa mwezi, asubuhi kabla ya tuktuk kujaa barabarani. Mwezi wa tatu nilipita tena, tukafungua. Kikavu. Askari bado anatunza ufunguo, ila Jumapili siku hizi anapumzika, na turubai limehamia kwenye banda la mbuzi.