Nakala ya nukta nundu haisubiri barua ya mchapishaji
Wengi bado huamini kwamba kugeuza kitabu kuwa nukta nundu (maandishi ya vidole ya wasioona) au sauti bila kibali cha mchapishaji ni wizi. Sivyo. Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ambao Kenya ilijiunga nao 2017, unazitaka nchi wanachama ziruhusu jambo hilo kisheria, na nakala zivuke mipaka kati yao. Ila taasisi inayotengeneza isifanye biashara, iwe imekipata kitabu kihalali, isiguse maudhui, na impe mlengwa tu, yaani asiyeona au asiyeweza kusoma chapa ya kawaida. Naye ni pamoja na asiyeweza kushika kitabu kwa ulemavu wa mwili. Filamu hazimo mkatabani.

Kinachokwamisha hasa ni skani: ukurasa uliopigwa picha tu, kisoma-skrini (programu inayomsomea asiyeona kwa sauti) hakipati herufi hata moja mpaka programu izitambue, kisha mtu ahakiki makosa.