Chuma ndani ya mti: yanayosemwa na wakata kuni, na yaliyomo kwenye gogo

"Msumari hupanda kadiri mti unavyorefuka." Haupandi. Mti hurefuka kwenye ncha. Shina hunenepa tu. Msumari uliopigwa usawa wa kifua miaka 20 iliyopita bado uko usawa wa kifua, ila umezama. Kama mti ulikuwa na kipenyo cha sentimita 15 siku ile, na leo una 45, kichwa cha msumari kiko kama sentimita 15 ndani. Sumaku ya mkononi haifiki huko. Kwa hiyo mita mbili za chini, mkono wa mtu unapofika, ndizo za kushukiwa zaidi.

"Miti ya msituni ni salama." Kweli, seng'enge na misumari ya U iko kwenye miti ya mipakani, na mabango ya waganga yako barabarani. Lakini msituni kuna mitego ya waya, na kuna waya za kutundikia mizinga, tena hizo ziko juu matawini ambako kanuni ya mita mbili haikusaidii.

"Gome zima, mti mzima." Gome hufunga kovu lake likasahaulika. Angalia uso wa gogo ulipokatwa: doa la bluu linalokaribia weusi ni chuma kilichokutana na tanini, kemikali chungu iliyo ndani ya mti, na kwenye miwati na mikaratusi hujitokeza waziwazi. Doa hufuata nyuzi za mti juu na chini ya chuma. Kipande chenye doa kiweke kando, ukipasue kwa kabari na nyundo. Alumini haitoi doa hilo, wala haishikwi na sumaku.

"Chenso (msumeno wa injini) ina nguvu, itapita tu." Mara nyingi msumari laini hukatika kweli, na hapo ndipo hasara ilipo. Cheni ya mita 1.4 ikienda mita 20 kwa sekunde huzunguka mara 14 hivi kila sekunde. Kabla hujaachia mafuta, kila jino limeshagonga. Cheche huenda usizione mchana. Utakachoona ni chenga za mbao kugeuka unga, moshi ingawa oili ipo, na msumeno kukata upinde kwa sababu meno ya upande mmoja yameumia zaidi.

Zima injini. Tafuta jino lililoharibika kuliko yote, ulinoe kwa pembe ya digrii 30 mpaka kona ya makali yenye kromu (tabaka gumu linalong'aa) irudi safi, kisha meno yote yafuate urefu wake. Cheni ya saizi ya .325 (kipimo cha inchi) hutumia tupa ya duara ya milimita 4.8. Kinundu kilicho mbele ya jino kibaki chini ya makali kwa milimita 0.65 hivi. Wengi hunoa meno mabovu peke yake, halafu wanashangaa msumeno bado unapinda. Jino likifika kwenye alama ya mwisho iliyo juu yake, cheni hiyo ni ya kutupa.

"Nunua cheni ya kabaidi, yaishe." Kabaidi, kitu kigumu sana kinachowekwa kwenye meno, huvumilia mchanga na udongo. Ikigonga chuma humeguka, na tupa ya kawaida haiinoi.

"Moto utamaliza." Moto wa kuni hauyeyushi msumari. Pitisha sumaku kwenye majivu kabla ya kuyamwaga, la sivyo msumari utaishia kwenye tairi la bodaboda.