Liege & Lief iliyosafishwa upya: dhana potofu na ukweli

Liege & Lief ni albamu ya kundi la Kiingereza la Fairport Convention, iliyotoka Desemba 1969. Ninaipenda mno, na toleo lake lililosafishwa sauti na kutolewa tena mwaka 2002 limenifanya niipende zaidi. Lakini kila inapotajwa mbele ya wapenzi wa roki ya zamani, maelezo yaleyale yasiyo sahihi hurudi. Mengine yanahusu kazi ya kusafisha sauti, mengine yanahusu nyimbo zenyewe.

Wengi hudhani kusafisha upya ni kurekodi upya, au walau kuchanganya sauti upya. Sivyo. Albamu hii ilirekodiwa katika studio ya Sound Techniques, Chelsea, jijini London, chini ya prodyuza Joe Boyd na fundi mitambo John Wood. Sauti zilizorekodiwa, kuanzia uimbaji wa Sandy Denny na gitaa la Richard Thompson hadi fidla ya Dave Swarbrick, zilichanganywa zikabaki njia mbili tu, kushoto na kulia. Kanda hiyo ya njia mbili ndiyo kanda mama, na ndiyo anayoishika fundi wa kusafisha. Ataongeza au kupunguza besi, atapoza ukali wa sauti za juu, ataondoa milio isiyotakiwa. Kumtoa Denny pale alipo na kumweka mahali pengine si kazi yake. Anayetaka hivyo arudi kwenye kanda za awali zenye njia nyingi aanze kuchanganya upya.

Kwa nini basi tofauti husikika? Jibu kubwa liko kwenye santuri. Besi nzito hutanua mfereji wa santuri na inaweza hata kuirusha sindano, kwa hiyo mchonga santuri huipunguza makusudi. Tena kadiri sindano inavyokaribia katikati, ndivyo sauti za juu zinavyopoteza uwazi. CD nyingi za miaka ya 1980 zilitengenezwa kutokana na kanda zilizokwisha kurekebishwa kwa ajili ya santuri, au nakala za nakala. Msikilizaji alinunua CD akapewa mipaka ya santuri. Toleo jipya la kweli huanza kwa kuitafuta kanda mama, na hapo ndipo nusu ya kazi ilipo.

Toleo jipya si lazima liwe bora. Kuanzia miaka ya 1990 kampuni nyingi zilikuwa zikipandisha sauti za CD mpaka mwisho, na ili zipande ilibidi vilele vikatwe na sehemu tulivu zikaribiane na zile za kishindo. Sikio hudanganyika kirahisi: kitu kilekile kikipigwa juu kidogo, tunasema ni kizuri zaidi. Ukitaka kulinganisha matoleo mawili kwa haki, punguza lile lenye kelele mpaka yalingane, ndipo uamue. Na usichukie ule mvumo mwembamba wa kanda unaosikika penye utulivu. Fundi akiufuta wote, mwisho wa mlio wa tasa za mpiga ngoma nao huondoka, na chumba kile cha mwaka 1969 kinapotea kabisa.

Sasa nyimbo. Husemwa kwamba zote ni za kale, urithi wa zama za kati. Ukweli ni kwamba wimbo wa kufungulia waliutunga Denny na mpiga besi Ashley Hutchings. “Crazy Man Michael” ni wa Thompson na Swarbrick. “Farewell, Farewell” una maneno mapya ya Thompson juu ya mahadhi ya zamani. Hata katika zile za jadi umri hutofautiana. Sikiliza “The Deserter”: askari anatoroka jeshini, anasalitiwa na mwenzake, anachapwa, anatoroka tena, safari hii anasalitiwa na mpenzi wake, anahukumiwa kupigwa risasi, na anayemwokoa ni Prince Albert aliyefika kwa gari la farasi sita. Huyo ni mume wa Malkia Victoria! Tuko karne ya 19, mbali sana na zama za kati.

Wengine husema hawa ndio wa kwanza kuupiga wimbo wa jadi kwa vyombo vya umeme. Kundi la The Animals lilikwisha kufanya hivyo mwaka 1964, na Fairport wenyewe walikuwa na “A Sailor's Life” kwenye albamu iliyotangulia, wimbo wa zaidi ya dakika kumi na moja. Upya wa Liege & Lief ni kwamba albamu nzima ilisimama juu ya hadithi na mahadhi ya visiwa vya Uingereza, ngoma zikiwa za Dave Mattacks, kijana aliyetoka kwenye bendi za dansi. Katika “Matty Groves” mke wa bwana mkubwa anamchukua kijana nyumbani kwake, mume anarudi, damu inamwagika. Mattacks anaipa hadithi nafasi ya kutembea, hajioneshi. Hadithi ikiisha, ndipo gitaa na fidla zinaachiliwa. Kwenye CD duni besi na ngoma vilikuwa donge moja. Kwenye toleo la 2002 kila pigo lina mwanzo na mwisho wake, na ndipo unapoelewa kazi yake ilivyo kubwa.

Kuna na dhana kwamba hii ni kazi ya vijana waliojitenga shambani kwa starehe. Tarehe 12 Mei 1969 gari lao lilipinduka kwenye barabara ya M1 wakitoka Birmingham. Mpiga ngoma Martin Lamble, mwenye miaka 19, alifariki pamoja na Jeannie Franklyn, mpenzi wa Thompson. Nyumba ya Farley Chamberlayne, Hampshire, walikofanyia mazoezi ya albamu hii, ilikuwa mahali pa kuanza tena wakiwa na majeraha. Na hawakudumu: albamu ilipofika madukani, Denny na Hutchings walikwisha kuondoka.

Kutodumu huko ndiko kunakonifanya nithamini kila walichorekodi pamoja na nipinge dhana ya mwisho, kwamba nyimbo za nyongeza ni makombo ya kujazia CD. Toleo la 2002 lina “Sir Patrick Spens” akiimba Denny, habari za nahodha anayetumwa baharini wakati mbaya. Mwaka 1970 kundi liliurekodi tena kwa albamu ya Full House, na safari hiyo sauti ni ya Swarbrick. Yasikilize mawili hayo mfululizo: la Swarbrick lina nguvu za ngoma ya wanaume, la Denny lina huruma kwa wale waliozama.