Je, wajua kwa nini mto wa Manaus hujaa wakati mvua imeshapungua?

Nilifika Manaus, mji mkuu wa jimbo la Amazonas huko Brazili, katikati ya Juni. Jua lilichoma, na siku tatu mfululizo halikudondoka tone. Hata hivyo, mitaa ya chini karibu na bandari ilikuwa imezama. Maji meusi ya Rio Negro yalikuwa yamefika kwenye vizingiti vya maduka, watu wakipita juu ya njia za mbao zilizopigiliwa misumari, na mwenye duka la ndizi alikuwa ameinua bidhaa zake zote juu ya kichanja kama mtu aliyejiandaa kukaa hivyo muda mrefu.

Mimi ni mtu wa Pangani. Nimekulia penye mto unaokutana na bahari, kwa hiyo nikiona maji mlangoni nafikiria mambo mawili: ama ni bamvua, yaani bahari imejaa kupita kawaida, ama imenyesha sana juzi. Nikamwambia mzee aliyenivusha kwa mtumbwi wa mashine kwamba bila shaka wiki iliyopita mvua ilikuwa kubwa. Akatikisa kichwa. "Mwanangu," akasema, "haya maji yalianza kupanda Novemba."

Tuanze na bahari. Manaus iko takriban kilomita 1,500 kutoka Atlantiki. Kujaa na kupwa kwa bahari huhisika mbali sana ndani ya Amazon, karibu na mji wa Óbidos kiasi cha kilomita 800 kutoka baharini mto unapokuwa mdogo, lakini hakufiki Manaus. Isitoshe, bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Mto wa Manaus hujaa mara moja na kupwa mara moja kwa mwaka mzima. Huanza kupanda mwezi wa 11 au 12, hufika kileleni kwa kawaida Juni, kisha hushuka hadi mwisho wa Oktoba au mwanzo wa Novemba. Tofauti kati ya kilele na chini ni wastani wa mita 10 hivi, yaani nyumba ya ghorofa tatu.

Mvua ya mjini ndiyo iliyonidanganya zaidi, na nimekutana na wasafiri wengi waliodanganyika vilevile. Manaus hupata mvua nyingi zaidi Machi na Aprili. Juni huwa imeshapungua sana, na Agosti ndio mwezi mkavu kuliko yote. Kama mvua ya mjini ingekuwa ndiyo inayoujaza mto, kilele kingefika Aprili. Tena mvua ya Manaus ya mwaka mzima ni zaidi kidogo ya mita 2. Ungeikinga yote kwenye pipa, tangu Januari hadi Desemba, bila kupoteza hata tone kwa jua, pipa lingejaa mita mbili na kitu tu. Mto unapanda mita 10. Mita nyingine zinatoka wapi?

Hapo wengi hurukia jibu la tatu, theluji ya milima ya Andes. Ni wazo zuri, nami nililishikilia kwa siku mbili baada ya kuachana na lile la mvua ya mjini. Ni kweli vijito vya juu kabisa kule Peru hutegemea barafu, hasa wakati wa kiangazi. Lakini maji ya barafu ni sehemu ndogo sana ya yanayopita Manaus. Kinachoujaza mto ni mvua yenyewe, ile inayoangukia miteremko ya Andes na misitu ya tambarare ya Peru, Kolombia, Ekuado, Bolivia na Brazili, kwenye bonde lenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo milioni 6.

Kwa hiyo yale maji mlangoni mwa muuza ndizi yalikuwa mvua ya watu wengine, iliyonyesha miezi kadhaa nyuma. Yalichelewa kwa sababu njia yake karibu haina mteremko. Kutoka Manaus hadi baharini uso wa mto huteremka takriban sentimita moja hadi mbili tu kwa kila kilomita. Tengeneza sakafu yenye urefu wa kilomita nzima, kisha inua upande mmoja kwa unene wa kidole. Huo ndio mteremko unaousukuma mto mkubwa kuliko yote duniani. Na mto haubaki kwenye mkondo wake. Ukipanda kidogo humwagikia maelfu ya maziwa na misitu ya kandoni, maji yakatulia huko, kisha hurudi mtoni polepole mto unaposhuka. Furiko ambalo kwenye mto wa milimani lingepita kwa siku mbili, hapa hulainishwa likawa wimbi moja refu la miezi.

Lakini hilo halitoshi, kwa sababu Manaus haiko kwenye mto mkuu, Amazon wenyewe. Iko kando ya Rio Negro, mto unaoshuka kutoka kaskazini, na kilomita chache chini ya bandari Rio Negro hukutana na Solimões, jina ambalo Wabrazili huupa mto mkuu kabla ya hapo. Wageni hupelekwa kwa boti kuangalia maji meusi na maji ya rangi ya chai ya maziwa yakienda sambamba bila kuchanganyika kwa kilomita kadhaa. Nilipelekwa pia, na nilipiga picha kama wengine. Kumbe jambo kubwa zaidi la pale halionekani kwenye picha.

Nipe ndoo mbili, moja kubwa na moja ndogo, tuziunganishe kwa mpira karibu na kitako. Mimina maji kwenye ndoo kubwa peke yake. Ndogo nayo itapanda, ingawa hukuitia kitu, kwa sababu maji hayakubali kukaa vimo viwili tofauti pale yanapowasiliana. Ndoo kubwa ni Solimões, unaopitisha kwa wastani takriban mita za ujazo 100,000 kwa sekunde. Ndoo ndogo ni Rio Negro, ambao kwa kipimo cha dunia ni jitu, karibu mita za ujazo 30,000 kwa sekunde, lakini hapo umekutana na mkubwa wake.

Mfano wa ndoo una upungufu mmoja: ndoo zimetulia, ilhali mito inakwenda. Hapo ndipo Pangani inanisaidia. Bahari ikijaa, mto wa Pangani hauachi kuleta maji kutoka bara. Unaendelea kuleta, lakini mlangoni unakuta maji yamesimama juu kuliko saa chache zilizopita, basi yale yanayokuja nyuma yanalazimika kujazana, kina kinapanda, mkondo unapoa. Anayesubiri pantoni ya kwenda Bweni huliona hilo kila siku. Mto haujazibwa. Umeinuliwa sakafu ya mlango wake, nao sharti ujiinue kwanza ndipo upate mteremko wa kutokea.

Sasa weka Solimões mahali pa bahari, na badala ya saa sita weka miezi saba. Solimões ukipanda, mlango wa Rio Negro hupanda nao. Rio Negro hautaweza kutoka mpaka nao ujiinue kufikia kimo hicho na kukipita kidogo. Unajiinua kwa maji yake wenyewe, na kwa kuwa bonde lake la chini ni tambarare tupu, kujiinua huko hurudi nyuma mamia ya kilomita kuelekea juu ya mto. Bandari ya Manaus ipo ndani ya eneo hilo. Kipimo cha bandarini, ingawa kimesimikwa kwenye Rio Negro, kwa sehemu kubwa kinasoma kimo cha Solimões.

Nisiupe Solimões lawama zote. Rio Negro una mafuriko yake, kwa kuwa sehemu za kaskazini za bonde hupata mvua nyingi kati ya Mei na Julai, wakati za kusini zimeshaanza kukauka. Pia kuna Madeira, mto mkubwa wa kusini unaoingia chini ya Manaus. Kilele chake hutangulia, Machi au Aprili, na kwa kuwa huujaza mto mkuu upande wa chini, nao husaidia kuyazuia maji yaliyoko juu. Mchango wa kila mmoja hubadilika mwaka hadi mwaka. Miaka ambayo vilele vinafuatana kwa mpangilio huwa ya kawaida. Vikikaribiana, mitaa ya chini ya Manaus huzama.

Haya yote yanajulikana kwa sababu watu walipima. Kimo cha maji bandarini kimeandikwa tangu 1902, wakati Waingereza walipokuwa wakijenga gati linaloelea. Gati hilo bado lipo, wenyeji huliita Roadway, na hupanda na kushuka pamoja na mto. Ukutani bandarini kumeandikwa vilele vya kila mwaka, na nilikaa mbele yake muda mrefu kuliko nilivyokaa mbele ya jumba maarufu la opera. Rekodi ya juu ni mita 30.02, tarehe 16 Juni 2021. Ya pili ni 29.97, mwaka 2012. Kisha 29.77 mwaka 2009, na 29.75 mwaka 2022. Namba hizo hazionyeshi kina cha mto, maana sakafu ya Rio Negro iko chini zaidi, chini hata ya usawa wa bahari. Ni kimo cha uso wa maji juu ya alama ya sifuri iliyochaguliwa zamani.

Uthibitisho ulionishawishi kuliko namba zote ni wa watabiri. Idara ya jiolojia ya Brazili hutangaza kilele cha mto wa Manaus kwa hatua tatu, siku kama 75, 45 na 15 kabla. Hakuna anayeweza kukwambia leo mvua itakayonyesha baada ya siku 75. Lakini kilele cha Juni hakisubiri mvua ijayo. Machi inapoisha, maji mengi yameshaanguka, yako njiani au yamelala maziwani, na kazi ya mtabiri ni kama ya mtu anayehesabu abiria waliokwishapanda basi.

Wakazi wa kandokando ya mto wanalijua hilo kwa mikono yao. Mita 10 kwa miezi saba au minane ni kama sentimita nne au tano kwa siku, mwendo unaompa mtu nafasi ya kujipanga. Maji yakikaribia sakafu, ndani ya nyumba hujengwa sakafu ya pili ya mbao juu ya ile ya kwanza, iitwayo maromba. Yakizidi, maromba hupandishwa, mpaka watu watembee wameinama chini ya paa. Ng'ombe nao hujengewa jukwaa la jina hilohilo. Wengine hukwepa shida yote kwa kuishi kwenye nyumba zilizowekwa juu ya magogo makubwa yanayoelea. Mihogo ya maeneo ya chini lazima ing'olewe kabla maji hayajafika. Na msitu unapozama, samaki huingia kati ya miti. Tambaqui, samaki mnene ambaye nilimla wa kuchoma karibu kila jioni, hula matunda yanayodondoka majini na husambaza mbegu zake.

Kushuka kwa maji ndiko kunakotisha siku hizi. Oktoba 2023, baada ya mvua kukosekana sehemu kubwa ya bonde, kipimo kilisoma mita 12.70, chini kuliko wakati wowote tangu 1902. Mwaka uliofuata kikashuka tena hadi 12.11. Kati ya rekodi ya juu ya 2021 na hiyo ya 2024 kuna karibu mita 18, mto uleule, gati lilelile, miaka mitatu tu. Vijiji vinavyofikika kwa mashua peke yake vilibaki kisiwani katikati ya matope. El Niño, yaani kupata joto kwa maji ya Pasifiki, na joto la Atlantiki ya kaskazini vilichangia ukame wa 2023. Mafuriko makubwa yaliyofululiza tangu 2009 yamehusishwa na tofauti ya joto kati ya Atlantiki na Pasifiki, inayovuta unyevu mwingi zaidi juu ya bonde. Ni kiasi gani cha hayo yote kinatokana na mabadiliko ya tabianchi yanayosababishwa na binadamu, na kiasi gani ni mzunguko wa kawaida, bado kunajadiliwa. Kipimo cha miaka mia na ishirini ni kirefu kwetu, lakini kwa mto kama huu ni kifupi.

Maji yaliposhuka kupita kiasi mwaka 2023, mahali paitwapo Ponto das Lajes, mkabala na makutano ya mito, miamba iliyo chini ya maji karibu kila mwaka ilitoka nje. Juu yake kuna nyuso za watu zilizochongwa, macho na mdomo, nyingine zimetulia na nyingine kama zimekunja uso. Wanaakiolojia hukadiria umri wake kuwa kati ya miaka 1,000 na 2,000. Kwenye mwamba mwingine kuna mifereji ambamo inaonekana watu walinoa zana zao. Waliochonga walisimama pakavu, na maji yaliporudi Novemba yalizifunika nyuso zile kimya kimya, sentimita baada ya sentimita.

Asubuhi ya kuondoka nilipita tena bandarini kusoma kipimo. Maji yalikuwa yamepanda sentimita moja tangu jana yake. Muuza ndizi aliniambia hiyo ni dalili nzuri. Yakikaa siku tatu mfululizo bila kupanda, ataanza kubomoa kichanja.