Chachu Isiyotoa Povu Haijafa

Wiki hii nimeletewa tena kesi ileile: "Nimetoa chachu ya bia kwenye friji, nikaitia kwenye maji ya kimea, kumekucha hakuna povu. Imekufa, nimeimwaga." Mbona umwage kwanza, ndipo uulize?

Povu si kipimo cha uhai. Chachu ya laga (bia inayochachishwa kwenye baridi), ile ambayo Emil Christian Hansen aliitenga katika maabara ya Carlsberg, Copenhagen, mwaka 1883, hutuama chini na mara nyingi haipandishi povu la maana. Halafu kianzio, yaani yale maji ya kimea ya kuamshia chachu kabla ya kupika bia yenyewe, ni kidogo. Lita moja yenye chachu nyingi inaweza kumaliza sukari usiku huohuo: povu limekuja, limeondoka, wewe umelala.

Tazama kitako cha chupa. Jioni nilipotia chachu yangu ya mwisho, chini kulikuwa na utando wa kahawia mwembamba kama vumbi. Kesho yake mchana palikuwa na tabaka la rangi ya maziwa, nene kama kidole, na nilipozungusha chupa likanyanyuka kama wingu, viputo vikakimbilia shingoni. Povu sikuliona hata kidogo. Bado una shaka? Tumbukiza haidromita, kile kifaa kinachoelea na kupima uzito wa maji: sukari ikipungua, namba hushuka. Kama ulianza na 1.036 na sasa inasoma 1.010, sukari imeliwa, na walaji ndio hao waliolala chini.

Kutengeneza kianzio hakuna fumbo: gramu 100 za unga wa dondoo ya kimea kwa lita ya maji, chemsha dakika 15, poza hadi nyuzi 20 hivi, tia chachu, funika kwa foili bila kukaza. Tikisa kila upitapo, maana chachu inahitaji oksijeni ili ijenge utando imara wa chembe zake.

Kinachoniudhi zaidi ni kuosha chachu kwa maji yaliyochemshwa kabla ya kuihifadhi, eti iwe safi. Bia iliyo juu ya mashapo ina asidi na kilevi, na vyote viwili huwazuia bakteria wengi. Ukiimwaga ukaweka maji, umeivua chachu ngao yake. Mimi huiacha ndani ya bia yake, friji ikiwa nyuzi 2 hadi 4, mfuniko ukiwa umelegea, kwa sababu chupa iliyokazwa inaweza kupasuka. Ila kama bia ilikuwa kali sana au chungu sana kwa hopsi (maua yanayotia bia uchungu), chachu yake siiweki kabisa. Imeshachoka.

Chachu ya miezi sita usiipe lita nzima kwa mkupuo. Chembe zilizo hai ni chache na zimekula akiba yao yote, kwa hiyo sukari itakaa muda mrefu bila mwenyewe, na bakteria watajikaribisha. Anza na mililita 200 za maji mepesi ya kimea, 1.020 tu, ukiona tabaka jeupe ndipo uongeze.

Vikokotoo vinavyokupa asilimia ya chembe hai kwa kila mwezi wa friji sivitegemei. Nimewahi kugawa chachu ya pipa moja kwenye chupa mbili siku moja, zikakaa rafu moja. Ya kwanza iliamka kwa saa 8, ya pili kwa siku mbili. Hata darubini hainipi utulivu: ukitia rangi ya methilini buluu, chembe iliyokufa hushika rangi, iliyo hai hubaki nyeupe. Zile za buluu hafifu leo nazihesabu huku, kesho kule.

Pua naiamini zaidi. Harufu ya unga wa mkate, endelea. Harufu ya mpira ulioungua au siki, hapo mwaga.

Nawe uliyemwaga: kama chupa hujaiosha na foili bado iko mdomoni, ule utando ulioshika kitako unatosha kuanza upya. Mililita 200, siku mbili, na utazame chini.