Bei Huwekwa na Aliyeshindwa: Namna Mnada wa Chai wa Mombasa Unavyofanya Kazi

Anayedhani kwamba mnada ni shughuli ya watu wawili, mwenye kuuza na mwenye kununua, bado hajauelewa mnada. Nimefanya kazi ya kuonja na kuthamini chai kwa dalali mmoja hapa Mombasa kwa miaka mingi, na jambo la kwanza ninalomfundisha kijana anayeanza kazi ni kwamba mnada ni ushindani wa wanunuzi wawili huku muuzaji akitazama. Akiwapo mnunuzi mmoja tu, muuzaji hana la kufanya ila kubembeleza. Akitokea wa pili, ndipo mnada unapoanza.

Kazi yenyewe huanzia kwenye chumba cha kuonjea, ambako vikombe vyeupe hupangwa safu ndefu juu ya meza iliyo chini ya madirisha, kila kikombe kikiwa na sampuli ya fungu moja, yaani magunia ya karatasi yaliyotoka kiwanda kimoja na yenye chai ya daraja moja. Majani makavu hupimwa kwa mizani ndogo, humwagiwa maji yanayotokota, na baada ya dakika tano au sita chai huchujwa bakulini na makapi yake kuwekwa juu ya kifuniko ili rangi ionekane. Mimi hupita na kijiko, nikavuta funda kwa mvumo ili chai isambae kinywani pamoja na hewa, nikaitema, nikahamia bakuli la pili. Makapi ya chai njema hung'aa kama shaba iliyosuguliwa. PF1 nzuri, yaani chai ya daraja la chembe ndogo, kutoka Kirinyaga huuma ulimi kidogo na kukiacha kinywa kikiwa safi, na hata ukiitia maziwa haififii. Ile iliyochelewa kufikishwa kiwandani baada ya kuchumwa huwa nzito na butu, na hakuna maneno ya dalali yatakayoificha, kwa kuwa wanunuzi nao wameletewa sampuli ileile na wameionja katika vyumba vyao.

Nakumbuka fungu moja la miaka ya ukumbi, kabla mnada haujahamia kwenye kompyuta. Wanunuzi wawili walikuwa wakilitaka, mmoja akinunulia soko la Pakistani na mwingine la Misri, na bei ikapanda senti kwa senti hadi mmoja wao akaiweka kalamu yake mezani. Nyundo ikagonga. Baadaye yule aliyeshinda aliniambia kwamba alikuwa ameruhusiwa kupanda mbali zaidi ya pale, ila hakuwa na haja. Wiki iliyofuata kiwanda kilekile kilileta chai ambayo kwa ulimi wangu haikuwa na tofauti yoyote, lakini yule wa kalamu alikuwa ameshajaza oda yake, na fungu likauzwa kwa bei ya chini sana. Mkulima aliyechuma chai ile hakuwa amekosea kitu.

Hilo ndilo jambo ambalo mchumi William Vickrey alilieleza kwa hesabu mwaka 1961, na likachangia kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1996: katika mnada wa bei kupanda, mshindi halipi thamani anayoiona yeye, bali hulipa kiasi alichokomea mshindani wake wa mwisho, na kidogo juu yake. Bei huwekwa na aliyeshindwa.

Ukilishika hilo, historia yote ya mnada wa chai inasomeka kama historia ya kumtafuta mnunuzi wa pili. Mjini London, Kampuni ya Uhindi Mashariki ilianza kunadi chai mwaka 1679, na kwa muda mrefu iliuza kwa mshumaa: zabuni ziliendelea kutolewa huku mshumaa ukiwaka, na mwali ulipozimika biashara ilifungwa. Wanunuzi wa dunia walikuwa pale, kwa hiyo chai ya Asia na baadaye ya Afrika ilisafirishwa hadi pale. Kwetu, mnada ulianzia Nairobi mwaka 1956, ukahamishiwa Mombasa mwaka 1969 karibu na maghala na bandari ya Kilindini, na tangu mwaka 1992 bei hutajwa kwa dola ya Marekani. Tarehe 29 Juni 1998 London ilifunga mnada wake. Leo Mombasa hupokea chai ya Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania, Malawi na nchi nyingine za kanda hii, na ndiyo soko kubwa kuliko yote duniani la kunadi chai nyeusi ya kusagwa kwa mashine.

Siwezi kuyaandika haya nikiwa Mswahili wa pwani bila kutaja kwamba neno mnada, lililotoka katika Kiarabu kwa maana ya kuita kwa sauti, lilitumika pia sokoni Mkunazini, Unguja, ambako watu waliuzwa hadi soko hilo lilipofungwa mwaka 1873. Ufundi wa kupandisha bei hauulizi kinachouzwa; wanaopaswa kuuliza ni watu.

Kwa kuwa bei huwekwa na aliyeshindwa, sijawahi kuamini kwamba inaweza kuamriwa. Mwezi Julai 2021 iliwekwa bei ya chini ya dola 2.43 kwa kilo kwa chai ya viwanda vinavyosimamiwa na KTDA, shirika linaloendesha viwanda vya wakulima wadogo wa chai nchini Kenya. Nia ilikuwa njema, kwani nyuma ya magunia hayo wapo wakulima wadogo zaidi ya 600,000, na gharama ya mbolea haimsubiri mtu. Hata hivyo, chai ambayo hakuna aliyeifikia bei hiyo ilirudishwa ghalani, na chai si dhahabu: kila mwezi inaokaa ghalani inapoteza ukali wake na harufu yake, hata ikafika siku ambayo sampuli mpya inaonjwa na kuthaminiwa chini ya ile ya kwanza. Kiwango cha chini kinaweza kumzuia mnunuzi mmoja asinunue kwa bei ya kutupa. Hakiwezi kumleta wa pili.

Tangu mwaka 2020 mnada unaendeshwa kwa mfumo wa kielektroniki, na mnunuzi aliye mbali na Barabara ya Nyerere anaweza kutoa zabuni yake akiwa ofisini. Naunga mkono mabadiliko hayo kwa dhati, maana yanaongeza idadi ya wanaoweza kushindana. Kilichoondoka ni kile nilichokuwa nikikisoma usoni mwa watu: tarakimu hupanda, husimama, fungu linalofuata huingia, nami sioni tena ni nani aliyeiweka kalamu mezani. Kwa hiyo jioni baada ya mauzo huichukua orodha ya mafungu yaliyoanguka chini ya makadirio yangu, nikawapigia simu wanunuzi mmoja baada ya mwingine, nikiwauliza walikosa nini katika kikombe.